Kuchora mstari wa regresheni juu ya nukta: mwongozo wa R kwa anayeandika utafiti

Kompyuta haikatai. Ipe safu mbili za namba zisizohusiana hata kidogo, na programu ya takwimu itapitisha mstari katikati yake, ulionyooka na wenye rangi nzuri, bila kukuuliza neno. Kwa R, mojawapo ya programu hizo, kazi hiyo ni ya amri mbili tu, lakini inastahili kufanywa taratibu, kwa sababu mstari wa regresheni ni dai. Ukishauweka kwenye tasnifu au ripoti, umesema kwamba hiki kikiongezeka kwa kiasi fulani, kile hubadilika kwa kiasi fulani, na hubadilika vivyo hivyo kuanzia mwanzo wa data hadi mwisho. Hapa tutauchora hatua kwa hatua, na tutasimama zaidi pale ambapo programu huchora mstari tofauti na ule unaodhani umeuomba.

Natumia R kwa kuwa ni ya bure, haihitaji intaneti ikishasakinishwa, na ina data za mazoezi ndani yake. Kila namba utakayoiona hapa unaweza kuipata mwenyewe ukiandika amri zilezile. Wanaotumia Excel, SPSS na Stata nao wana sehemu yao mbele.

Hatua ya 1: Zitazame nukta kabla ya mstari

Data tutakazoanza nazo zinaitwa cars. Zina safu mlalo 50, na kila moja ina mwendo wa gari kwa maili kwa saa (speed) na umbali ambao gari lilihitaji ili lisimame, kwa futi (dist). Zilikusanywa miaka ya 1920, kwa hiyo hazisemi lolote kuhusu breki za gari la leo, ila kwa kujifunza zinafaa sana.

```
head(cars)
plot(dist ~ speed, data = cars)
```

Alama ya ~ isome "kwa kutegemea": umbali kwa kutegemea mwendo. Kinachotangulia hukaa kwenye mhimili wa wima, kinachofuata hukaa kwenye mhimili wa mlalo. Utakutana pia na mtindo wa `plot(cars$speed, cars$dist)`, ambao mpangilio wake umegeuka, x mbele na y nyuma. Michoro ni ileile, lakini nakusihi ushike mtindo wa ~ peke yake, kwa sababu amri ya regresheni nayo huutumia. Anayechanganya mitindo hii miwili ndiye anayejikuta amechora nukta za y kwa x, kisha akaziwekea mstari wa x kwa y.

Sasa tulia uangalie. Nukta zinapanda kuelekea kulia, na mpando huo haujapinda sana. Upande wa kushoto zimekaribiana. Kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo zinavyotawanyika. Kuna moja iko juu peke yake, gari la maili 24 kwa saa lililohitaji futi 120. Haya yote yaandike pembeni sasa hivi, maana mstari ukishachorwa macho hufuata mstari na kuzisahau nukta.

Hatua ya 2: Kokotoa, kisha chora

```
m <- lm(dist ~ speed, data = cars)
abline(m, col = "red", lwd = 2)
```

Amri ya `lm` inakokotoa, `abline` inachora juu ya mchoro uliopo. Mchoro usipokuwepo, R itajibu `plot.new has not been called yet`, yaani rudi kwenye `plot` kwanza. Ukiwa unaandika amri zako kwenye faili, chagua `plot` na `abline` uziendeshe kwa pamoja.

Kinachofanyika ndani ni hiki: kwa kila nukta, R hupima umbali wa wima kutoka kwenye nukta hadi kwenye mstari, huuzidisha kwa wenyewe, kisha hujumlisha zote. Mstari unaochorwa ni ule wenye jumla ndogo kuliko mistari mingine yote iliyonyooka. Mbinu hii ilichapishwa na Mfaransa Adrien-Marie Legendre mwaka 1805, na ndiyo hiyohiyo tunayoitumia hadi leo.

Neno la kushika hapo ni "wima". Kwa kuwa umbali unaopimwa ni wa wima tu, kubadilisha nani ategemee nani kunaleta mstari mwingine kabisa. Jaribu:

```
coef(lm(dist ~ speed, data = cars))
coef(lm(speed ~ dist, data = cars))
```

Ya kwanza inatoa −17.58 na 3.93: kila maili moja kwa saa inayoongezeka inaongeza karibu futi 3.93 za kusimama, kama mita 1.2. Ya pili inatoa 8.28 na 0.166. Ungetegemea kwamba ukigawa 1 kwa 0.166 utarudi kwenye 3.93, lakini unapata karibu 6. Hakuna hesabu iliyokosewa. Ni maswali mawili tofauti. Na ukiuweka mstari wa pili juu ya mchoro wetu wa kwanza, utaona unajikokota chini kabisa, ukiziacha nukta nyingi juu yake. Siku ukiona mstari wako unapita mbali na nukta, au hauonekani kabisa, anza kukagua hapo.

Hatua ya 3: Mstari uishie pale data zinapoishia

Ile −17.58 ni mahali mstari unapokata mhimili wa wima, yaani umbali wa kusimama pale mwendo ukiwa sifuri. Ukiisoma ilivyo, gari lililosimama linahitaji futi kumi na saba na nusu chini ya sifuri ili lisimame. Jambo hilo halipo duniani. Data zetu zinaanzia maili 4 na kuishia 25, na nje ya hapo mstari hauna ushahidi wowote. Hata hivyo `abline` huchora kutoka ukingo hadi ukingo wa mchoro, na msomaji wako hataweza kujua ushahidi ulikoma wapi. Mimi sipendi kuuacha hivyo kwenye mchoro wa kuchapishwa. Tengeneza thamani za mwendo zilizo ndani ya data tu, kisha chora juu yake:

```
x <- seq(min(cars$speed), max(cars$speed), length.out = 100)
mpya <- data.frame(speed = x)
plot(dist ~ speed, data = cars)
lines(x, predict(m, newdata = mpya), col = "red", lwd = 2)
```

Ndani ya `mpya`, jina la safu lazima liwe `speed` herufi kwa herufi, kama lilivyoandikwa kwenye modeli, yaani ile `m` tuliyoikokotoa kwa `lm`. Na hapa ndipo wengi hukwama kwa saa nzima: kama modeli uliiandika `lm(cars$dist ~ cars$speed)`, data mpya hazitatumika kabisa. R itakupa onyo kwamba `newdata` ina safu 100 ilhali vigeu vilivyopatikana vina 50, na `lines` itakataa kwa kuwa urefu haulingani. Dawa yake ni kuandika modeli kwa `data = cars`, bila alama ya dola.

Njia hii ya `predict` ina faida nyingine. Ukitaka mstari uliopinda, kwa mfano `m2 <- lm(dist ~ speed + I(speed^2), data = cars)`, `lines` itauchora mpindo huo sawasawa. `abline(m2)` haiwezi: itachukua namba mbili za kwanza kati ya tatu, itoe onyo, kisha ichore mstari ulionyooka usio jibu la swali lolote. Usipite onyo lile bila kulisoma.

Hatua ya 4: Onyesha kiasi cha mashaka

Mstari mtupu unaonekana wa hakika kuliko ulivyo. R inaweza kukupa mikanda ya aina mbili kuuzunguka, na tofauti yake ni kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani.

```
predict(m, data.frame(speed = 15), interval = "confidence")
predict(m, data.frame(speed = 15), interval = "prediction")
```

Kwa mwendo wa maili 15, mstari unasema futi 41.4. Amri ya kwanza inatoa kama 37 hadi 46. Huo ni mkanda wa wastani: magari mengi ya mwendo huo yakipimwa, wastani wao tunaukadiria kuwa humo. Amri ya pili inatoa kama 10 hadi 73. Huo ni mkanda wa gari moja, lile litakalokuja kesho. Data ni zilezile na mstari ni uleule, lakini mkanda mmoja una upana wa futi 9 na mwingine futi zaidi ya 60.

Kwa hiyo jiulize msomaji wako anataka kujua nini. Ofisa anayepanga wastani wa mkoa mzima anahitaji wa kwanza. Mkulima mmoja, mgonjwa mmoja au dereva mmoja anahitaji wa pili, na kumwonyesha wa kwanza ni kumpa ahadi ambayo data haziwezi kuitimiza.

Kuuchora:

```
k <- predict(m, newdata = mpya, interval = "confidence")
matlines(x, k, lty = c(1, 2, 2), col = "red")
```

Hatua ya 5: Kwa wanaotumia ggplot2

Kifurushi cha ggplot2 hutoa michoro safi zaidi kwa kazi ndogo zaidi, na ndicho wengi wanachokitumia sasa.

```
library(ggplot2)
ggplot(cars, aes(speed, dist)) +
  geom_point() +
  geom_smooth(method = "lm")
```

Maneno `method = "lm"` usiyaache kamwe. Ukiandika `geom_smooth()` tupu, hupati regresheni ya mstari ulionyooka. Data zikiwa chini ya 1,000 unapata mchoro wa loess, ambao hufuata nukta za jirani na kupinda zinapopinda. Kuanzia 1,000 unapata modeli ya aina nyingine, gam. Zote ni mbinu nzuri za kutazama umbo la data. Shida ni pale mchoro wa loess unapoingia kwenye tasnifu chini ya maelezo yanayosema "mstari wa regresheni", na jedwali la pembeni lina namba za `lm`. Mtahini makini ataliona hilo haraka.

Mkanda wa kijivu unaokuja wenyewe ni wa wastani, kwa asilimia 95. Mkanda wa nukta mojamoja hauji kwa amri hii. Utaukokotoa kwa `predict` kama tulivyofanya, kisha uuchore kwa `geom_ribbon`.

Kuna mtego mwingine, nao haufanyi kelele. Unataka kukuza sehemu ya mchoro, unaandika `scale_y_continuous(limits = c(0, 80))`. Nukta zilizo juu ya 80 zinatoweka, na mstari nao unabadilika, kwa kuwa zile nukta zimeondolewa kabla ya hesabu kufanyika. Utaona onyo dogo la safu zilizoondolewa, basi. Ukitaka kukuza bila kugusa hesabu, tumia `coord_cartesian(ylim = c(0, 80))`. Shika kwamba kila kinachoanza na `scale_` hufanya kazi kabla ya mstari kukokotolewa, na kila kinachoanza na `coord_` hufanya kazi baadaye. Ndiyo maana pia `scale_x_log10()` hukupa regresheni ya logi ya x, iwe ulikusudia au hukukusudia.

Hatua ya 6: Makundi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mstari mmoja unaweza kusema kinyume cha ukweli.

Data za iris zina maua 150 ya spishi tatu, 50 kwa kila spishi. Chora upana wa sepali (vijani vya nje vinavyolifunika ua kabla halijachanua) kwa urefu wake:

```
ggplot(iris, aes(Sepal.Length, Sepal.Width)) +
  geom_point(aes(colour = Species)) +
  geom_smooth(method = "lm", se = FALSE)
```

Rangi imewekwa ndani ya `geom_point`, kwa hiyo nukta zina rangi tatu lakini mstari ni mmoja. Unashuka kidogo: mteremko wake, yaani kiasi y inavyobadilika x ikiongezeka kwa 1, ni −0.06. Ungeandika kwamba ua lenye sepali ndefu huwa na sepali nyembamba kidogo. Sasa hamisha rangi ipande juu:

```
ggplot(iris, aes(Sepal.Length, Sepal.Width, colour = Species)) +
  geom_point() +
  geom_smooth(method = "lm", se = FALSE)
```

Mistari inakuwa mitatu na yote inapanda: karibu 0.80 kwa setosa, 0.32 kwa versicolor na 0.23 kwa virginica. Ndani ya kila spishi, sepali ndefu ni pana zaidi. Kilichouinamisha mstari wa kwanza ni kwamba setosa zina sepali fupi na pana, wakati spishi nyingine mbili zina ndefu na nyembamba, na sisi tulizichanganya zote pamoja.

Fikiria basi data zako. Kama mavuno ya mahindi na kiasi cha mbolea vimetoka wilaya zenye mvua tofauti, au alama za mtihani zimetoka shule za bweni na za kutwa, mstari mmoja juu ya wote unaweza kuonyesha kwamba mbolea inapunguza mavuno. Mpe kila kundi rangi yake kabla hujaamua idadi ya mistari. Uamuzi huo ni wako, na kwenye ggplot2 unategemea tu mahali ulipoandika neno `colour`.

Hatua ya 7: Kagua kama mstari unastahili kuwepo

Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alichapisha seti nne ndogo za data, kila moja ya nukta 11, na R inazo. Zote nne zinatoa mstari uleule, 3.00 na 0.50, na R² (sehemu ya tofauti za y ambayo mstari unaieleza) ileile ya 0.67. Zichore:

```
par(mfrow = c(2, 2))
for (i in 1:4) {
  f <- as.formula(paste0("y", i, " ~ x", i))
  plot(f, data = anscombe, xlim = c(3, 20), ylim = c(3, 13))
  abline(lm(f, data = anscombe))
}
```

Ya kwanza ni mtawanyiko wa kawaida na mstari unaistahili. Ya pili ni mpindo safi. Mstari ulionyooka hauna kazi pale. Ya tatu nukta kumi zimejipanga karibu sawasawa, na moja iliyo juu imeuvuta mstari wote. Ya nne, nukta kumi zina x ileile, 8, na mteremko mzima umetokana na nukta moja iliyo kwenye 19. Iondoe na hakuna mstari wa kuchora. Jedwali la matokeo halitakuonyesha tofauti hizi. Mchoro unazionyesha papo hapo.

Kwa data zako, endesha `par(mfrow = c(1, 1))` kisha `plot(m, which = 1)`. Utaona masalio, yaani kile kinachobaki baada ya kutoa makadirio ya mstari kwenye thamani halisi. Yakiwa yametawanyika juu na chini ya sifuri bila umbo, vizuri. Yakipinda, jaribu modeli iliyopinda. Yakipanuka kama faneli, kama yanavyoelekea kufanya kwa cars, mstari wenyewe unaweza kubaki, lakini mikanda ya hatua ya nne usiiamini sana kwenye miendo mikubwa. Endesha pia `nobs(m)`: `lm` huziacha kimya safu zenye thamani zilizokosekana, na idadi hiyo ndiyo itakayokuambia mstari umetokana na watu wangapi kati ya wale uliowahoji.

Kwa Excel, SPSS na Stata

Excel: chagua data, ingiza mchoro wa aina ya "Scatter", bofya nukta kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha "Add Trendline" na "Linear". Weka alama kwenye visanduku vya kuonyesha mlinganyo na R². Hakikisha hukuchagua mchoro wa aina ya "Line", kwa sababu huo huzihesabu thamani za x kuwa 1, 2, 3 na kuendelea, na mlinganyo utakaopata hauhusiani na data zako. Kisanduku cha "Set Intercept" kiache wazi, usiulazimishe mstari upite sifuri bila sababu ya kitaalamu.

SPSS: chora mtawanyiko, ubofye mara mbili ili Chart Editor ifunguke, kisha "Elements" na "Fit Line at Total". Kama umeweka rangi kwa makundi, kuna "Fit Line at Subgroups" kwa mstari wa kila kundi.

Stata ina data za magari 74 za mwaka 1978:

```
sysuse auto
twoway (lfitci mpg weight) (scatter mpg weight)
```

Y hutangulia x, na mkanda huandikwa kwanza ili usizifunike nukta.

Hatua ya mwisho: maandishi chini ya mchoro

Hifadhi mchoro kwa `ggsave("mchoro1.png", width = 16, height = 10, units = "cm", dpi = 300)` badala ya kupiga picha ya skrini, kisha uandike maelezo yanayomwezesha msomaji kuujaji bila kukutafuta. Yanahitaji vipimo vya kila mhimili, idadi ya nukta, aina ya mstari, mlinganyo, na mkanda ni wa nini. Kwa mchoro wetu yangekuwa hivi:

Mchoro 1. Umbali wa kusimama (futi) kwa kutegemea mwendo wa gari (maili kwa saa), n = 50, vipimo vya miaka ya 1920. Mstari: regresheni ya mstari ulionyooka, umbali = −17.58 + 3.93 × mwendo, R² = 0.65, kwa mwendo wa maili 4 hadi 25 pekee. Mkanda wa kijivu: asilimia 95 kwa wastani, si kwa gari moja.